Gari la wafanyakazi kwa mkataba wa mwezi hapa Dodoma: tathmini ya mwenye tanuri la mikate baada ya miezi minane

Huduma ninayoitathmini ni ya gari la abiria aina ya Hiace, yaani kipanya, ambalo kwa miezi minane sasa limekuwa likiwachukua wafanyakazi wa zamu ya usiku wa tanuri langu la mikate lililopo Kizota, kwa mkataba unaolipwa kila mwisho wa mwezi. Mwenye gari simtaji kwa jina, kwanza kwa sababu bado tunafanya kazi pamoja, na pili kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayoyalalamikia nimeyasikia pia kwa wafanyabiashara wenzangu waliokodi magari ya watu wengine kabisa. Nampa alama 7 kati ya 10. Miezi mitatu ya mwanzo ningempa 4, na ilibaki kidogo nivunje mkataba.

Nilifika kwenye gari la kukodi baada ya nauli kunishinda kuzihesabu. Safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 400 hadi LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipoipandisha kuwa 500 mwaka 2022, na ilipofika Desemba 2023 ikawa 600. Mfanyakazi wangu anayekaa Nzuguni hawezi kufika Kizota kwa gari moja. Anashuka mjini, anabadilisha Sabasaba, kisha anapanda lingine, na jioni anarudia vivyo hivyo, kwa hiyo kwa siku analipa nauli nne. Kwa siku 26 za kazi, nauli hizo nne zilikuwa shilingi 41,600 kwa mwezi wakati wa shilingi 400, na zikawa 62,400 wakati wa 600, ongezeko la nusu nzima ndani ya muda usiofika miaka miwili, ilhali bei ya mkate sikuweza kuipandisha kwa nusu, na hata ningeipandisha, wenye maduka wangenirudishia mikate yangu mlangoni. Na watu wanazidi kusogea mbali. Tangu Serikali ihamie hapa na Dodoma kutangazwa kuwa jiji Aprili 2018, vyumba vya karibu na katikati ya mji vimekuwa vya watu wenye mishahara mingine, na wakandaji wangu wakahamia kule ambako kodi inalipika.

Mimi nilijiona nimewajali. Kila nauli ilipopanda nilipandisha posho ya usafiri, na tangu mwanzoni mwa 2024 kila mfanyakazi, awe wa mchana au wa usiku, alikuwa anapokea shilingi 62,400 kwa mwezi juu ya mshahara wake. Nililifanyia kazi jambo hili mezani, kwa kikokotoo, nikaridhika nalo. Kosa langu alinionyesha mkandaji wetu mkuu, mwanamke mtu mzima ambaye amekaa nami tangu tulipokuwa tunachoma kwa kuni, siku aliponijia na daftari la shule la mtoto wake alilokuwa anaandikia matumizi. Alisema, "Mama, hii hesabu yako ya daladala ni nzuri, ila saa 9 usiku hakuna daladala." Zamu yao inaanza saa 9 usiku na kumalizika saa 5 asubuhi. Kuja walikuwa wanakuja kwa bodaboda, shilingi 3,000 kutoka Nzuguni au Ilazo kwa bei ya kuelewana na dereva wanayemfahamu, na kurudi ndiyo daladala mbili, jumla shilingi 4,200 kwa siku. Kwa mwezi ni 109,200. Mama huyu alikuwa anatoa mfukoni mwake shilingi 46,800 kila mwezi ili aje anikandie unga, na watu wa namna yake walikuwa sita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa inayofanywa usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nilikuwa nailipa, na nilidhani inafidia usumbufu. Lakini kwa mtu wa mshahara wa shilingi 300,000, saa tatu zile kuanzia saa 9 hadi saa 12 zinamwongezea kiasi kisichofika shilingi 250 kwa siku. Pikipiki ilikuwa inakula mara kumi na mbili ya hizo.

Basi nikatafuta gari. Nilizungumza na watu wanne, wawili kati yao wakitaka kunikodishia Kosta, ambayo kwa watu tisa ni kubwa mno, mmoja akitaka kuniletea Noah iende safari mbili kila usiku, na wa nne ndiye huyu mwenye Hiace. Bei yake ya kwanza ilikuwa shilingi 1,250,000 kwa mwezi, mafuta na dereva akivigharamia yeye mwenyewe, kwenda na kurudi, siku 26. Tukakubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono, na Jumatatu iliyofuata gari likaja likiwa na namba za njano.

Kwa asiyejua mambo haya: namba za njano hapa kwetu ni za gari binafsi, na gari linalobeba watu kwa malipo linatakiwa kuwa na namba nyeupe na leseni ya LATRA. Si suala la rangi tu. Bima iliyokatiwa gari binafsi haikukusudiwa kulipia abiria waliokodiwa gari, na likitokea la kutokea saa 8 usiku pale kwenye mzunguko, atakayeulizwa kwanza ni mwajiri aliyewapandisha watu humo. Nililirudisha gari siku ileile. Mwenye gari alinung'unika kwamba wenzake wote wanafanya hivyo, jambo ambalo naamini ni kweli, lakini baada ya siku nne alileta lingine lenye namba nyeupe, leseni na bima ambayo niliihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni kwa kuandika namba ya gari. Uhakiki huo unachukua dakika mbili, na ningemshauri yeyote anayekodi gari aufanye kabla ya kuulizia bei.

Gari hili la pili ndilo lililopo hadi leo. Injini ni nzima, taa ni nzima, matairi yamebadilishwa mara moja mbele ya macho yangu. Tatizo lake ni mlango. Kitasa cha mlango wa kuburuza kililegea tangu siku ya kwanza, na dawa aliyoipata dereva ni kipande cha mpira wa tyubu kilichofungwa kwenye nguzo ya kiti, ambacho anayekaa kiti cha mlangoni anakivuta na kukishikilia hadi gari linaposimama. Nimelisema jambo hili kwa mdomo, kwa ujumbe na kwa barua.

Mwezi wa pili, ambao kwetu ulikuwa Julai, niliamua kusafiri nao usiku mmoja ili nijue ninachokilipia. Nilifika kituoni Nzuguni saa 8:10 usiku, upepo wa kipupwe ukipeperusha vumbi hadi likawa linasagika mdomoni, na nikawakuta wanawake wawili wamejifunika vitenge hadi puani, wamesimama chini ya taa pekee ya duka lililofungwa, simu zao zimewashwa tochi zikielekezwa chini ili mbwa waonekane kabla hawajafika karibu. Gari lilikuja saa 8:17. Dereva, Mgogo wa makamo asiyeishiwa maneno hata saa hiyo, alifungua dirisha akatusalimu, "Mbukwenyi!" na wale wawili wakamwitikia, kisha mdogo wao akamwamkia shikamoo kama kawaida yetu, akaitikiwa marahaba, na mlango ukafungwa kwa ule mpira. Tulipita Ilazo tukachukua wawili, tukakatiza kuelekea Area D kuchukua wengine wawili, tukashuka Majengo, tukamalizia Chang'ombe, na saa 8:52 tulikuwa getini Kizota. Njiani hapakuwa na mazungumzo mengi. Wanne kati yao walilala. Yule mkandaji mkuu aliniambia baadaye kwamba zile dakika thelathini na tano za kulala ndani ya gari ndizo anazozithamini kuliko fedha, kwa sababu mgongoni mwa pikipiki mtu halali.

Hilo mimi sikuliweka kwenye hesabu, na bado sijui niliweke upande gani. Nilichoweza kukihesabu ni mikate. Tanuri la biashara linaendeshwa na hamira, na hamira haimsubiri mtu aliyekosa bodaboda. Mtu mmoja akichelewa nusu saa, unga uliokwisha kukandwa unaumuka kupita kiasi, unashuka, mkate unatoka umebonyea katikati, na hata ukitoka vizuri unafika dukani baada ya saa 1 asubuhi, wakati wateja wa chai wamekwisha kununua wa mwenzangu. Katika miezi mitatu kabla ya gari, nilipitia vitabu na kukuta wastani wa siku saba kwa mwezi ambazo mzigo wa kwanza ulitoka umechelewa, na kila siku ya namna hiyo maduka yalinirudishia mikate ipatayo 60. Kwa bei ya jumla ya shilingi 1,300, ni 78,000 kwa siku moja na 546,000 kwa mwezi. Tangu gari lianze, siku za kuchelewa zimekuwa moja au mbili kwa mwezi, ukiacha ule mwezi wa tatu nitakaousimulia. Sisemi kwamba ucheleweshaji wote ulitokana na usafiri, maana umeme nao una siku zake, lakini mwingi ulitokana nao.

Sasa hesabu nzima, kwa kuwa wengi wakinisikia nikisifia gari hudhani limenipunguzia gharama. Halikunipunguzia. Kabla yake, wafanyakazi tisa wa usiku walikuwa wananigharimu posho ya shilingi 561,600 kwa mwezi. Gari lilinigharimu 1,250,000, na kwa kuwa linawachukua na kuwarudisha, posho yao niliisimamisha kwa makubaliano ya maandishi. Niliongeza shilingi 688,400. Hata nikikubali kwamba mikate yote iliyokuwa ikirudishwa sasa inauzwa, bado nilikuwa chini kwa shilingi 142,400. Kwa upande mwingine, wale sita wa mbali waliacha kutoa mfukoni jumla ya shilingi 280,800. Nililitazama hivi: nimetoa shilingi 142,400, wao wamepata karibu mara mbili yake, na hakuna nyongeza ya mshahara ambayo ningeweza kuitoa kwa kiasi hicho ikawafikia hivyo. Mwenye biashara anayetaka huduma hii ijilipe yenyewe ndani ya mwezi wa kwanza asiichukue.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Dodoma bei huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa kuwa mafuta husafirishwa kutoka bandarini. Mwezi wa nne, siku mbili baada ya tangazo, mwenye gari alinipigia simu.

"Mama, mafuta yamepanda, na wewe mwenyewe unanunua. Tufanye milioni moja na laki nne."

"Kaka, yamepanda shilingi ngapi kwa lita?"

"Yamepanda tu, Mama. Kila mtu analia."

Nilifungua tangazo lenyewe. Yalikuwa yamepanda shilingi 120 kwa lita. Usiku ule nilikaa na dereva, siyo na tajiri wake, tukahesabu kilomita: kutoka anapolaza gari hadi Nzuguni, Nzuguni hadi Kizota kwa mzunguko wa kuchukua watu, kurudi mjini, kuja tena saa 5 asubuhi na kuwapeleka. Tulikubaliana kwamba gari lile linakunywa lita 8 kwa siku kwa kazi yangu, yaani lita 208 kwa mwezi. Shilingi 120 mara 208 ni 24,960. Yeye alikuwa anadai 150,000.

Simlaumu sana, kwa sababu alikuwa anafanya kile ambacho kila mtu hufanya bei zinapopanda, anakata makadirio ya juu ili asirudi kuomba tena. Lakini kuanzia hapo tuliandika mkataba mpya ambao ndio naupendekeza kwa yeyote, na sehemu kubwa ya alama 7 nilizotoa zinatokana nao. Malipo yaligawanywa mafungu mawili: fungu la gari na dereva, shilingi 620,000, ambalo halibadiliki kwa miezi sita; na fungu la mafuta, ambalo ni lita 208 kuzidishwa kwa bei kikomo ya EWURA ya Dodoma kwa mwezi husika. Wakati tunaandika, lita ilikuwa karibu na shilingi 3,000, kwa hiyo jumla ilikuwa inacheza kwenye bei ileile ya mwanzo. Mafuta yakipanda shilingi 100, najua kabla hajapiga simu kwamba nitaongeza 20,800. Yakishuka, yeye ndiye anayepunguziwa, na imetokea mara moja, akanyamaza, nami nikanyamaza, tukalipana.

Nirudi kwenye mwezi wa tatu, wakati wa mkataba wa mdomo, ambao ulikuwa mbaya. Dereva wetu aliugua, na mwenye gari akamweka deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, bila kutuarifu. Deiwaka hakujua vituo, akapita Area D bila kusimama, na wawili wakabaki barabarani wakimpigia simu mtu ambaye namba yake hawakuwa nayo. Usiku mbili baadaye gari halikuja kabisa. Niliamshwa saa 8:40, nikapigia bodaboda zote nilizozifahamu, na usiku ule mmoja ulinigharimu shilingi 22,500 za pikipiki pamoja na mzigo wote wa kwanza. Halafu kuna lile la sombasomba. Wafanyakazi walianza kulalamika kwamba safari ya kurudi saa 5 asubuhi gari linasimama kila kituo, linajaza abiria wa barabarani, na wao waliolipiwa viti wanajikuta wamebanwa na ndoo za watu. Nilipomuuliza dereva, alinijibu kwa unyoofu ambao ulinivunja hasira: kila siku anatakiwa kupeleka hesabu, yaani fedha ya siku iliyopangwa, kwa tajiri wake mwenye gari, mkataba wangu haukupunguza hesabu hiyo hata shilingi, kwa hiyo kila dakika anayokuwa na gari anatafuta kichwa. Tajiri alikuwa anapokea fedha zangu na bado anamdai dereva hesabu ileile ya daladala.

Hapo ndipo utakapojua kama mwenye gari anafaa au hafai, na huyu, nikimtendea haki, alibadilika. Kwenye mkataba wa maandishi alikubali mambo matatu kwa mkupuo: gari lisipofika kituo cha kwanza hadi saa 8:30 usiku, gharama ya bodaboda inakatwa kwenye malipo yake; deiwaka yeyote lazima awe amesafiri na dereva wa kawaida angalau usiku mmoja na namba yake itumwe kwetu; na dereva hadaiwi hesabu kwa saa za kazi yangu. Tangu hapo nimemkata mara moja tu. Safari ya kurudi, hata hivyo, haikutengemaa. Saa 5 asubuhi ni wakati gari linapata kazi nyingine, msiba, harusi, watu wa semina, na mara kwa mara watu wangu walikaa kwenye magunia ya unga hadi saa 7 wakilisubiri. Mwezi wa sita tuliiondoa safari hiyo. Sasa gari linafanya kazi ya usiku tu, fungu la kudumu limeshuka hadi 480,000, mafuta yamekuwa lita 130, na wafanyakazi wanarudi kwa daladala kwa nauli ninayowapa, 1,200 kwa wa mbali na 600 kwa wa Majengo na Chang'ombe. Jumla, kwa bei ile ya mafuta, inakuja kama shilingi 1,104,000, pungufu kwa 140,000 ya nilizokuwa nalipa. Ule upungufu wangu wa 142,400 umekaribia kufutika, na wafanyakazi wanafika nyumbani mapema zaidi.

Kuhusu zamu ya mchana, ambao wanaingia saa 1 asubuhi daladala zikiwepo, gari halina maana na sikuwahi kulifikiria. Nilichobadilisha kwao ni siku ya kulipa. Posho ya nauli ilikuwa inaingia pamoja na mshahara, na kwa desturi ya fedha ilikuwa inaondoka pamoja nao, ikilipa kodi ya chumba na ada, kisha kufikia tarehe 18 mtu hana nauli, na huyo ndiye anayekimbilia mikopo ya kausha damu ya shilingi elfu ishirini anayoirudisha elfu thelathini. Sasa nauli ya wiki inatolewa Jumatatu asubuhi, taslimu, noti ndogondogo, maana konda wa saa 12 na nusu hana chenji ya elfu kumi na wala hapokei muamala. Kiasi hakikuongezeka hata senti, lakini maombi ya mkopo wa mshahara katikati ya mwezi yamepungua hadi mawili kutoka saba au nane. Muulize mhasibu wako pia kuhusu PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa sababu posho ya fedha inayounganishwa na mshahara huhesabiwa pamoja nao, na mfanyakazi ambaye kipato chake kinachotozwa kodi kimevuka shilingi 270,000 kidogo anakatwa asilimia 8 ya kila anachoongezewa.

Yupo pia kijana mmoja wa Nkuhungu, wa kumi katika zamu ya usiku, aliyekataa gari tangu mwanzo. Anakuja kwa baiskeli, dakika kumi na tano, na kwake ile posho ya 62,400 ilikuwa sehemu ya mshahara. Wenzake walihoji kwa nini yeye aendelee kuipokea. Niliwajibu kwamba yeyote anayetaka kuja kwa baiskeli kutoka Nzuguni saa 8 usiku, posho yake ipo. Hoja ikaishia hapo.

Nilishauriwa na mfanyabiashara mwenzangu niwachangishe wafanyakazi shilingi 500 kwa siku ili gari lisionekane la bure. Sheria hairuhusu kukata mshahara bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka, na ningeweza kuipata hiyo ridhaa, kwa kuwa nani atamkatalia mwajiri wake karatasi? Sikuitafuta.

Kwa mwenye watu chini ya sita wanaoingia usiku, gari la namna hii litamlemea. Ni nafuu kuandikiana na madereva wawili wa bodaboda waaminifu, kofia ngumu mbili kila pikipiki, na kuwalipa mwenyewe badala ya kumwachia mfanyakazi apatane bei gizani. Wenye watu zaidi ya kumi na wanne wajipange kwa Kosta. Sisi wa katikati ndio kipanya kinatufaa, ila kianzie kwenye vituo walivyovichagua wasafiri wenyewe, kwa kuwa ramani niliyoichora mimi mara ya kwanza iliwasimamisha wawili upande wa pili wa korongo ambalo masika hujaa maji, na ilibidi mtu anipeleke mchana nikalione.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Mwenye gari ameomba fungu la kudumu lipande kutoka 480,000 hadi 520,000, akitaja vipuri, na kwa jinsi bei za vipuri zilivyo sioni kwamba ameomba kikubwa. Nimemwandikia kwamba nitasaini siku atakayoleta gari likiwa na kitasa kipya, na ule mpira wa tyubu aniletee mkononi.